Email Moja ya Watu Thelathini na Nne

Nakuru, 4 Agosti 2008

Kwako dada Nekesa,

Pokea salamu zangu. Natumaini hiyo kifua imeacha kukusumbua. Mimi niko sawa, nakula, nalala. Simu bado sina, kwa hivyo barua atakuletea Kang'ethe wa lori.

Uliniambia niende kwa ile library familia ya mama Shakuntala wa hardware walijengea watu, nitafutiwe kazi na kompyuta. Nimeenda. Kompyuta ziko sita, zimefunikwa vitambaa vya maua, na hakuna mtu anaruhusiwa kugusa. Anayegusa ni mtu mmoja anaitwa Naftaly. Tai yake ni fupi, inaishia juu ya tumbo. Kwa meza ameandika CAREER HELP. Sisi tunakaa kwa benchi kama watu wanangoja kung'olewa meno.

Nilimwambia nataka ile kazi ya mashine ya kukausha mahindi, depot ya Rongai, tangazo liko hapo kwa ukuta. Akasema niongee kama mwanaume. Akaniuliza hobbies. Nikaangalia tai. Akaandika swimming. Nikachungulia CV ya msichana mwenye alikuwa mbele yangu, na yeye anaogelea. Kuna mzee anatafuta kazi ya watchman, mguu moja haikunji, anaogelea.

Shule aliniandikia Form Four. Nikamwambia niliishia class seven. Akasema, "Boss, wacha kuniharibia CV."

Na email sina. Akasema hakuna haja, library iko na moja, tutumie sisi wote, ni kama box ya posta ya shule. Watu wakamshukuru.

Ni mimi ndugu yako mdogo,
Wamalwa


Kamere, 13 Agosti 2008

Mdogo wangu Wamalwa,

Salamu zimefika. Kifua ni kile kile, hiyo dawa wanapulizia maua hapa shambani haijui Jumapili. Shukuru Mungu wewe unalala.

Sasa mtu anakuandikia uongo kwa karatasi yako na wewe unaangalia tai? Hiyo ndiyo shida yako. Unaona kila kitu halafu unaenda nayo nyumbani. Najua tangu fujo ya January baada ya kura hutaki watu wakutambue. Lakini kazi hawapei mtu amejificha.

Mimi pia sina muda. Supervisor amesema contract yetu inaisha mwisho wa October, na wenye wanakohoa hawatarudishwa. Hakusema jina, aliniangalia tu. Nimekutumia kopi ya certificate yangu ya Form Four na ile ya accounts. Mpe huyo Naftaly anitafutie kazi ya ofisi. Mwambie mimi siogelei.

Dada yako,
Nekesa


Nakuru, 10 Oktoba 2008

Kwako dada Nekesa,

Habari ya hapo Kamere? Hapa baridi imepungua na mimi sijambo. Nisamehe kukaa kimya. Karatasi zako nilimpa Naftaly siku ile ile zilifika.

Ningojee nikuambie venye hii library inafanya kazi. Hiyo email yetu inafunguliwa Ijumaa peke yake. Naftaly anaprint majibu, anasimama katikati, anasoma majina kama headmaster kwa parade. Mtu akikosa hiyo Ijumaa, jibu lake linaenda kwa droo. Wiki jana alisomea mama mmoja barua ya interview ya mwezi wa saba. Mama akauliza ni lini. Naftaly akamwambia ajaribu tena mwaka ujao, akaseti tai.

Password anaandika na kidole moja, na anaitamka. Ni jina la mama Shakuntala, lile liko kwa mlango. Mimi nimekaa hapo benchi miezi miwili. Jana akienda chai niliinua kitambaa nikafungua mwenyewe.

Dada, kulikuwa na barua ya Rongai ya tarehe mbili September. Ilikuwa imeshasomwa. Naftaly aliisoma akanyamaza. Ni ya kizungu lakini dictionary iko hapo kwa shelf, na hiyo hawajafunika. Boss wa depot, anaitwa Jaydeep, anasema wamepata watu thelathini na nne kutoka email moja, wote wamesoma shule moja, wote wanaogelea. Kama ni mtu moja anajifanya wengi, aache. Kama hapo ndani kuna mtu wa kweli, aandike mwenyewe.

Nikaandika na Kiswahili. Nikasema mimi ni Wamalwa, class seven, na maji naogopa. Nilibeba magunia kwao msimu wa juzi, nikaona mahindi ikiwa mbichi belti ya mashine inateleza upande wa ukuta, wanaipiga nyundo, na hiyo nyundo ndiyo inaiharibu. Nikasema hao wengine wote siwajui hata mmoja. Halafu nikasikia viatu vya Naftaly, nikarudisha kitambaa.

Leo kwa chai nimechungulia tena. Rongai wamejibu, wanasema niende Jumatatu.

Ndugu yako,
Wamalwa


Kamere, 17 Oktoba 2008

Mdogo wangu,

Tuko wazima, ila mimi nakohoa. Barua yako nimesomea wasichana wote wa packhouse, pale tunafunga maua, wakacheka huyo Naftaly mpaka supervisor akaja. Leo sikutukani. Umefanya kitu.

Sasa na zangu? Contract imebaki wiki mbili. Kwa hiyo email hukuona jina langu mahali popote? Landlord amenijua sana siku hizi. Ukienda Rongai fungua macho, hata kama ni kuandika namba za malori, mimi naweza.

Dada yako,
Nekesa


Rongai, 3 Novemba 2008

Kwako dada Nekesa,

Salamu nyingi. Kazi nimepata. Nilionyeshwa mashine, nikaisimamisha, nikalegeza pande moja, belti ikakaa. Jaydeep alipiga simu tu niletewe overall.

Kuna kitu kingine. Siku hiyo ya kwanza alitoa zile CV za library kwa kabati. Ya juu ilikuwa yako. Naftaly alituma watu wote kwa kila kazi, hata mzee wa watchman alimtuma huku kwa mashine. Hapo kwa accounts yako Jaydeep alikuwa amepiga mstari mwekundu. Akasema, "Huyu angekuwa mtu wa kweli, ningempa meza ya mizani ya malori. Unamjua?"

Nilikuwa nimeandika siwajui hata mmoja. Nikaona nikisema ni wewe, nitakuwa muongo kama Naftaly, nirudishwe benchi. Nikasema, "Hapana boss." Akazitupa kwa carton.

Nimejaribu kwenda ofisini kumwambia. Mara tatu. Nafika kwa mlango nauliza kama kuna grisi.

Nakuambia kwa sababu kwa karatasi naweza.

Ndugu yako,
Wamalwa


Rongai, 12 Novemba 2008

Wamalwa,

Sikuulizi afya, nimeiona. Nilifika hapo depot jana saa nne na certificate zangu, na wewe ulikuwa juu ya mashine. Uliniona. Ukainama ukaanza kufagia mahali hakuna uchafu.

Ile barua yako niliisoma mara moja nikaitia kwa jiko. Naftaly ni mjinga, na huyo tulicheka. Wewe si mjinga, ulijua unafanya nini.

Niliingia kwa Jaydeep nikamwambia mimi ndiye yule wa mstari mwekundu, na hakuna mtu alinituma. Alinipa karatasi za malori kumi na mbili nijumlishe. Nikamuonyesha mbili zilikuwa na makosa. Naanza Jumatatu, meza ya mizani.

Halafu akaniuliza kama hapa kuna mtu ananijua. Dakika moja hivi nilifikiria kujibu venye wewe ulijibu. Ilikuwa rahisi sana. Nikamwambia ndiyo, yule na fagio ni mdogo wangu, tumenyonya titi moja.

Akasema, "Basi alinidanganya." Nikasema ndiyo. Akaniuliza akufanyie nini. Nikamwambia hiyo si yangu, lakini akusikize kwanza. Anakungoja Jumatatu saa mbili, uje useme mwenyewe mbele yake. Barua hataki.

Utapita kwa meza yangu kwanza, hakuna njia nyingine. Sitakusaidia kuongea. Nitakuwa hapo tu.

Bado ni dada yako,
Nekesa