Usaili wa Waridi Nyuma ya Pazia

Jumanne, 1 Agosti 1989

Manyunyu asubuhi, kisha jua. Waridi yumo edani mwezi wa pili sasa. Hatoki, havai rangi, hajipaki manukato. Sina la kumlaumu. Marehemu mwanangu Mwidani aliacha mke mwenye adabu.

Leo ameniomba nafasi ya kusema jambo. Chuo kikuu kimoja cha Uskoti kina masomo ya uzamili: nusu uhandisi wa juu, nusu usimamizi wa watu na kazi. Ni ya mwaka mmoja, kuanzia Januari. Eda itakuwa imekwisha zamani. Kiwanda cha makopo anakofanya kazi, kule Changamwe, kitamlipia mhandisi mmoja tu. Wamebaki yeye na kijana mmoja wa Nairobi.

Nilimwuliza: mtu mwenye shahada ya uhandisi afundishwe usimamizi wa nini? Mimi nilisimamia shule miaka mingi na sikusomea.

“Kweli, Baba. Na walimu waliogombana, uliwafanyaje?”

“Niliwahamisha.”

Akatabasamu kidogo. Tabasamu lile sikulipenda.

Ijumaa, 4 Agosti 1989

Baada ya sala nilizungumza na Rashid, mwanangu mdogo, anayepakia mizigo kiwanja cha ndege. Eda ikiisha, amwoe Waridi. Ni jambo la heshima. Nyumba hii isipungue tena.

Rashid aliangalia viatu vyake. Atafanya nitakavyo, alisema. Kisha: “Lakini, Baba, yule ni mhandisi. Mimi ni mbeba masanduku. Tutazungumza nini?”

Nilimjibu kwamba watu hawaoani kwa ajili ya mazungumzo.

Waridi hajaambiwa. Sheria inakataza kumposa mwanamke aliye edani, nami sikumposa. Nimepanga tu. Mke wangu, Mwanasaumu, anajua. Shauri lilikuwa lake. Ya Uskoti hatuna haja ya kuyapinga. Yatajifia yenyewe.

Jumapili, 6 Agosti 1989

Wageni wawili kutoka kiwandani: Karisa, msimamizi wa zamu ya usiku, na Odhiambo wa zamu ya asubuhi. Walikaa barazani, kila mmoja upande wake. Boila, mtambo wao wa mvuke, inavuma vibaya na wanataka shauri la Waridi.

Hapa pana ada ya nyumba, tangu kwa mama yangu: sauti ya mjane aliye edani haisikiwi na wanaume wa nje. Sijaiona kitabuni. Mwanasaumu anaishika kwa mikono miwili. Mimi ni baba mkwe, maharimu wake. Naweza kuingia nyuma ya pazia. Basi nikawa mchukuzi wa maneno. Naingia, natoka. Sizidishi wala sipunguzi.

Karisa anasema watu wa Odhiambo hawatoi tope linalotuama ndani ya boila. Odhiambo anasema tope lenyewe ni la watu wa Karisa. Nikapeleka. Waridi akasema: wakati wa kubadilishana zamu, vali ya kutolea tope ifunguliwe na wote wawili, mikono yote kwenye gurudumu moja la kuifungulia, kila siku.

Nikatoa hivyo hivyo.

“Mimi nishike gurudumu moja na huyu?” Karisa alisema.

“Usiogope, bibi harusi,” Odhiambo akamwambia, “nitakushika taratibu.”

Kicheko hadi kwa jirani! Wakati wa kuaga Karisa alisema: “Shikamoo tena, Mwalimu. Wallahi umekuwa simu.” Odhiambo akasema simu ya mjini haifiki upesi hivyo.

Sikucheka mbele yao.

Jumatano, 9 Agosti 1989

Habari imefika. Usaili ni Alhamisi ya wiki ijayo, ofisini Changamwe. Profesa mwenyewe amekuja kutoka Uskoti. Asiyefika amejitoa.

Nilikwenda kwa sheikh. Jibu lake: mwenye eda aweza kutoka mchana kwa haja, arudi kabla ya usiku. Nikaja na jibu hilo nyumbani. Mwanasaumu hakulitaka.

“Sheikh haishi Likoni hapa, Baba Mwidani. Mimi ndiye nitakayekutana na wanawake kisimani.”

Nilimwambia tuna mfereji wa maji nyumbani. Akasema nisijifanye sielewi.

Waridi alisikia yote. Alitoa neno moja tu: “Hewala.” Chakula cha mchana hakukigusa, wala cha jioni.

Nilidhani nitafurahi. Jambo limejifia lenyewe, kama nilivyoandika. Lakini kijana wa Nairobi kupewa nafasi kwa sababu mpinzani wake ameshika eda ipasavyo — hapana. Hiyo si haki.

Alhamisi, 10 Agosti 1989

Nilivuka kwa feri na kwenda Changamwe mwenyewe. Bwana Elkana, mkuu wa wafanyakazi, ni mtu wa bara, mnene, mpole. Nilimweleza. Alikuna kichwa.

“Mzee, usaili nyumbani kwa mtu? Tena mwenye kusailiwa haonekani?”

Nikamwuliza huyo profesa amefikia wapi. Hoteli ya Diani. Nikamwonyesha kwamba atapita Likoni kuvuka feri akitaka asitake. Akacheka, akapiga simu. Wamekubali! Watakuja Alhamisi, saa nne.

Lakini kuhusu sauti ya Waridi kusikiwa, Mwanasaumu hakuregeza. Nitakuwa kati yao.

Jumapili, 13 Agosti 1989

Tumefanya mazoezi. Waridi ananisomesha, mimi niliye mwalimu! Nimejifunza “uchovu wa chuma”: chuma kikipindwa kidogo kidogo, mara nyingi, hupasuka siku ambayo mzigo wenyewe si mkubwa. Nilimwomba arudie. Alirudia, akinitazama.

Anaeleza vizuri. Hakurupuki. Nikikosea husema “Bado, Baba,” basi.

Karisa alipita jioni. Boila imetulia. Yeye na Odhiambo wanashika gurudumu pamoja. Sasa wanagombana juu ya mpira tu.

Nilipompelekea Waridi habari hiyo alicheka. Sijasikia kicheko chake tangu msiba. Mwanasaumu naye alisikia, akatazama chini, akaendelea kuchambua mchele.

Jumatano, 16 Agosti 1989

Sebule imefagiliwa. Pazia limefuliwa na kupigwa pasi. Rashid ameazima viti viwili. Alisimama karibu yangu kama mwenye neno, kisha akaenda kazini.

Alhamisi, 17 Agosti 1989

Naandika wageni wangali sebuleni. Nimewaambia nafuata miwani. Miwani iko usoni.

Tulianza vizuri. Profesa, mtu mrefu mwenye nywele nyekundu, alivua viatu bila kuambiwa. Bwana Elkana alikunywa kahawa na kusifu mahamri. Mimi kwenye kiti mlangoni, Waridi nyuma ya pazia. Profesa anauliza kwa Kiingereza, Waridi ananiambia kwa Kiingereza hicho hicho, kwa sauti ya chini, nami natoa kwa sauti yangu. Ya joto na mvuke, ya nyufa za chuma — yote nilitoa, sikupoteza hata moja. Profesa aliandika, akaniangalia, akaandika tena.

Kisha usimamizi. Wasimamizi wawili hawapatani, afanyeje?

“Nisingewahamisha,” Waridi akasema. Nikayatoa hayo kwa kinywa changu mwenyewe. “Ningewapa kazi moja isiyofanyika ila kwa wote wawili.” Akaeleza ya boila.

Bwana Elkana alisema ameyasikia kiwandani na hakujua yametoka wapi. “Na wewe, Mzee, tungekuajiri.” Hata Mwanasaumu alicheka kule jikoni.

Swali la mwisho likawa la Bwana Elkana. Kiwanda kinalipa pesa nyingi, alisema, hakiwezi kumpeleka mtu akarudi njiani. Je, kuna jambo lolote la nyumbani la kumzuia kwenda, au kumaliza?

Niligeukia pazia. Waridi hakukawia. Safari hii alininong’oneza kwa Kiswahili.

“Waambie, Baba. Baba mkwe wangu amekwisha nipangia mume, shemeji yangu Rashid, na eda haijaisha. Mimi sikuulizwa. Hilo ndilo la kunizuia, lingine sina. Waambie hivyo hivyo.”

Nani amemwambia? Rashid? Kuta? Haidhuru. Anajua.

“Anasemaje, Mzee?” Bwana Elkana akauliza.

Nikasema miwani.

Nikitoa alivyosema, nimejianika mbele ya wageni: mtu niliyeacha mjane azuiwe kutoka mlangoni kwa ajili ya eda, na huku nimemwozesha moyoni kabla eda haijaisha. Nikisema “hakuna”, nimemsemea asilolisema. Naweza kusema “hakuna” kisha nikaenda kwa Rashid leo hii nikalivunja jambo, likawa kweli. Naweza. Ningelivunja?

Mwanasaumu amechungulia. “Baba Mwidani, watu wamekaa kama wako matangani. Nenda ukaseme kitu.”

“Nakuja.”

“Umeulizwa nini?”

Nimeendelea kuandika. Amekwenda.

Kijiko kwenye sahani. Profesa anakohoa.

Sasa sauti — nilidhani ni ya Mwanasaumu. Si yake. Inatoka nyuma ya pazia, Kiingereza kizuri, polepole, haitetemeki. Hakuna anayeichukua. Waridi anasema nao mwenyewe. Mwanasaumu ameita jina langu mara moja, na Waridi hakukoma. Amefika kwenye jina la Rashid, na sasa anataja langu, kwa heshima zote, nami naweka kalamu chini.