Jicho Moja na Mstari wa Tatu

2 Juni

Mama yangu mpenzi,

Nakuamkia kwa heshima. Kifua kinaendeleaje, na mashine yako ya kushonea imepata mkanda mpya? Mimi ni mzima, isipokuwa jicho la kushoto, na ndilo lililonichelewesha kuandika. Usikae chini kwa hofu, soma mpaka mwisho.

Nilikuwa nawafundisha wasichana wangu mstari wa tatu wa jedwali la elementi, ule unaoanzia sodiamu na kuishia argoni. Sodiamu ni metali laini, unaikata kwa kisu kama sabuni. Ukiidondosha majini inayeyuka, inajikunja kuwa kitone na kukimbia huku na huku ikichacharika. Ilikimbia vizuri, wasichana wakacheka. Kisha ikanasa ukingoni mwa beseni, ikapasuka. Nilikuwa nimesimama mbele yao, kwa hiyo kilichoruka kilinipata mimi. Wao hakuna aliyeguswa. Madaktari wameosha jicho, wakaosha tena, lakini halitaona.

Miwani ya kujikinga niliiomba tangu mwaka jana. Mkuu wa shule alisema ni anasa.

Wiki ijayo narudi darasani.

Mwanao wa kwanza


11 Juni

Kifungua mimba wangu,

Barua yako nimeisoma nimesimama, maana ulinikataza kukaa. Hali yangu usiiulize. Mashine inashona, mimi ndiye niliyekatika uzi.

Rudi nyumbani. Nilikuzaa na macho mawili, sikukuwekea akiba. Shangazi yako amekutafutia kazi ya ukarani kwenye bohari la saruji. Ndiye huyo huyo aliyekuwa akitamba kila mahali kwamba mpwa wake ni mwalimu wa kemia, na leo anasema alionya tangu mwanzo. Lakini kwa hili yuko sahihi. Mimi ni mshona mahema, sodiamu siijui, ila kitu kinachowaka kwa kuguswa na maji ni kitu cha kukimbiwa. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Lako limeshavunjika, usingoje la pili.

Nimekutandikia kitanda chako.

Mama yako


20 Juni

Mama yangu,

Pole kwa usingizi niliokunyima. Kidonda kimekauka na kula nakula.

Shangazi mwambie kwamba kwenye mstari wangu yumo. Oksaidi ya alumini ikikutana na asidi inakuwa besi, ikikutana na besi inakuwa asidi. Haipotezi rafiki popote.

Sirudi, mama. Mkuu wa shule amefunga stoo ya kemikali kwa kufuli na kuniita ofisini. Anataka nisimame kwenye mkutano wa wazazi niseme kwamba jaribio lile lilikuwa utundu wangu, hakuna aliyelijua. Kuanzia siku hiyo wasichana wasome kwa kunakili ubaoni.

"Ukisema hivyo, yamekwisha," aliniambia.

"Na nisiposema?"

"Utajua mwenyewe."

Jaribio alilijua, aliliona kwenye ratiba yake. Na mtihani wa mwisho una sehemu ya vitendo. Mtoto ambaye hajawahi kuona salfa ikiungua ataandika nini? Kwenye mkutano nitasimama, lakini nitakachosema kitakuwa changu. Ukiniita mkaidi, kumbuka ukaidi huu sikuuokota njiani.

Mwanao


25 Julai

Mama,

Je, u mzima? Karani wa posta siku hizi ananitikisia kichwa kabla sijafika dirishani.

Huku najifunza kumimina upya. Kwa jicho moja, mdomo wa chupa unaonekana uko juu ya kikombe kumbe uko pembeni. Kila jioni nafanya mazoezi jikoni, sakafu inalowa, napiga deki, naanza tena. Sasa nagusisha kwanza chupa na kikombe, ndipo namimina. Jana sikumwaga hata tone, na sikuwa na wa kumwonyesha.

Hasira yako naiheshimu. Kimya chako ndicho kinachonishinda.

Mwanao


6 Agosti

Mwanangu,

Ni mzima, vidole tu ndivyo vimejaa matundu ya sindano.

Hasira ilikuwepo, nisikudanganye. Ilinipeleka mpaka kwa daktari wa macho wa hapa kwetu. Sikwenda kutibiwa, nilikwenda kuuliza. Nikamweleza yaliyokupata, nikasema, "Je, kama angekuwa amevaa miwani?" Akasema, "Angekuwa na macho yake mawili." Nikakaa pale kwenye benchi mpaka wagonjwa wakaisha. Miezi yote nilikuwa naichukia sodiamu bure. Sodiamu ilifanya kazi yake, aliyepaswa kufanya yake hakufanya.

Nikatoa lile plastiki gumu tunaloshonea madirisha ya mahema. Miwani za kwanza zilijaa ukungu, nikavaa nikagonga mlango. Nikatoboa vitundu ubavuni na kuvifunika kwa kikunjo, kisichopitisha cheche. Nyuma ni mpira wa kuvutika. Kwenye kifurushi hiki zimo za darasa zima, na yako nimeishona mara mbili. Ipo na ya mkuu wa shule. Kichwa chake sijakipima, nimekikadiria kwa maneno yake.

Usiombe radhi mahali ambapo hukukosa. Kitanda nimekitandua, shuka nimezifua.

Mama yako


30 Agosti

Mama yangu,

Salamu zako zimetufika sote, na nilizikuta zinatutosha vichwani. Mkutano umefanyika.

Mkuu alizungumza, kisha akaniita. Nikasema, "Jicho nimelipoteza nikifundisha kile nilichoajiriwa kufundisha. Ratiba iliidhinishwa. Miwani niliomba, nikanyimwa. Kama mnataka kuona binti zenu wanajua nini, mkuu afungue stoo."

Kisha baba mmoja akasimama, mchomeleaji wa mageti. "Mkuu, fungua," alisema. "Mimi karakana yangu ni kibanda cha mabati, lakini hashiki mtu mashine bila miwani." Wengine wakaitikia, "Fungua." Akafungua.

Tulitoka uani. Msichana tunayemwita Wakili, kwa kupenda kubishana, akawasha utepe wa magnesiamu. Niliwaonya wazazi wasiutazame, na nusu yao wakautazama. Jivu lake jeupe tulilitia majini, karatasi ya litmasi, ya kupimia asidi na besi, iliyokuwa nyekundu ikaanza kuwa ya buluu. Kisha salfa ikaungua kwa mwali wa buluu, moshi tukaukamata kwenye chupa yenye maji, na karatasi ya buluu ikawa nyekundu. Kinamama wakakohoa na kusogea, halafu wakarudi karibu zaidi. "Oksaidi za metali zinatupa besi," Wakili akawaambia, "na ukivuka kwenda kulia zinakuwa asidi." Mama yake alimtazama kama mgeni aliyekuja na mizigo.

Sodiamu niliifanya mwenyewe. Kipande kidogo kama punje ya mchele, beseni pana, ngao ya kioo mbele yangu. Kilikimbia huku na huku mpaka kikaisha, na ukingoni hakikunasa.

Wazazi wameamua majaribio yaendelee. Mimi nimehamishwa, kwa manufaa ya kazi. Shule ninayopelekwa haina maabara kabisa.

Mwanao


9 Septemba

Mwanangu,

Nipo, na nimekula vizuri tangu barua yako ifike. Wamekutoa walikokuogopa, wakakupeleka ambako hawajakujua bado. Nenda. Shangazi yako anatangaza mtaani kwamba miwani zile tulishona naye.

Funga mizigo vizuri, usiinue vizito peke yako.

Mama yako


1 Oktoba

Mama yangu mpenzi,

Nimefika salama, chumba kina dirisha na jirani ana heshima.

Darasa langu lilikuwa stoo ya madawati mabovu. Hakuna bomba, hakuna meza. Mwalimu wa taaluma alinipa chaki mpya na kusema, "Hapa kemia tunaichora ubaoni."

Nikaingia. Nikawaandikia mstari wa tatu, kuanzia sodiamu. Sijamaliza kugeuka, msichana wa nyuma akanyoosha mkono. "Mwalimu, ni kweli jicho lako lilitolewa na hicho cha kwanza?"

"Kweli."

"Na bado unakifundisha?"

"Bado."

Wakatazamana. Nikatia kidole kwenye silikoni, nikawaambia oksaidi yake imelala nje ya mlango, wanaikanyaga kila siku, na wala haijali maji. Kila mmoja atoke arudi na konzi ya mchanga. Wakatoka wote kwa pamoja, viti vikaanguka.

Mwalimu wa taaluma alikuja mbio, akaniuliza wanakwenda wapi saa za masomo.

"Maabara," nikamwambia, nikatoka nyuma yao.

Mwanao, mwalimu wa kemia