Zamu ya Asiyekuwepo

Kijiji cha Saetgol,
Wilaya ya Chungju,
24 Septemba 1986

Mpendwa mdogo wangu Chi-gyu,

Hujambo, na mguu nao haujambo? Miaka yote nimekuwa nikikuuliza afya kwa mazoea, kalamu ikitangulia moyo. Safari hii nauliza kwa kutaka kujua hasa. Je, umeshaanza kuukanyagia? Unavimba jioni? Tafadhali usinijibu "mzima tu" kama kawaida yako.

Sisi huku tu wazima. Baba ametimiza miaka themanini na mmoja na bado anagombana na jogoo wa jirani. Mama macho yamepungua nguvu, lakini masikio yake yanakamata hata kilichonong'onwa nyuma ya ghala. Mpunga mwaka huu umekubali, umeinamisha vichwa vizuri.

Barua ya wifi yangu Bok-hui ilitufikia mwezi wa saba. Aliandika kwamba tarehe kumi Juni, saa nne usiku, mlikuwa mnamalizia kushona oda ya mashati, ukasimama kunyoosha mgongo, ukaanguka. Sakafu tambarare, hapakuwa na waya wala kitambaa cha kukutega. Kifundo cha mguu wa kushoto kikavunjika. Akasema pia kwamba kabla hujaugulia, ulicheka, ukanyoosha mkono juu kama mtu anayengoja kuinuliwa. Alidhani uchovu umekupanda kichwani. Mwambie akili zako zilikuwa timamu. Nimechelewa kujibu kwa sababu Baba alinikataza nisiandike mpaka jambo letu la huku lifike mwisho, na sasa limefika.

Mwezi wa nne alikuja Bwana Pyo, ametumwa na chama kimoja cha mjini kinachoandikisha wachezaji wa zamani wa taekkyeon, mchezo wetu wa kuangushana kwa miguu. Mtu mstaarabu, aliyevua viatu vyake mlangoni na kuvipanga kama vya bwana harusi. Alileta daftari kubwa lenye ngazi zimepigwa mistari: nane za kushuka kwa wanaojifunza, halafu nyingine za kupanda kwa waliobobea. Alitaka kumjaza kila mmoja wetu katika mstari wake.

Baba akampa chai ya shayiri, akamsimulia kama alivyokuwa akitusimulia sisi. Kwamba Saetgol ya juu na Saetgol ya chini ziligombea maji ya kivukoni mpaka watu wakaanza kuja na majembe, wazee wakatandika mkeka wa mabua katikati wakasema: miguu tu, atakayeanguka arudi kwao. Kwamba wakati wa Wajapani polisi walipiga marufuku mkusanyiko, na babu yetu akamfundishia Baba uwanjani pa kupuria, wakijifanya wanakanyaga shayiri. "Huenda ni uongo," Baba akamwambia, "lakini mimi niliupokea hivyo."

"Na vyeo mlivigawaje, Mzee?" Bwana Pyo akauliza.

"Hatugawi. Watu wanasimama foleni."

Wewe foleni hiyo unaijua. Watoto wanaingia mkekani kwanza, kisha vijana, kisha watu wazima, na wa mwisho kuingia ndiye mkubwa kuliko wote. Hupandi mpaka umwangushe aliye juu yako. Asiyeangushwa hashuki, hata akiondoka. Lakini Bwana Pyo yalimwia magumu. Aliandika jina la Baba juu kabisa, akauliza wa pili ni nani.

"Mwanangu wa kwanza, Chi-ho."

"Yuko wapi?"

"Alichukuliwa na askari wa Kaskazini mwaka wa hamsini, akiwa na miaka kumi na tisa. Hatukujua tena habari zake."

"Pole sana, Mzee. Na wa tatu?"

"Chi-gyu. Yuko Brazili, anashona mashati."

Bwana Pyo akaweka kalamu chini. "Mzee, karatasi yangu haina mstari wa watu wasiokuwepo."

"Basi karatasi yako ni fupi," Baba akasema, akammiminia chai nyingine.

Wa nne alikuwa binti yangu Yeo-rim. Ulimwacha ana miaka miwili, sasa ana ishirini. Vijana wa kiume wamekwisha, wote wamehamia viwandani, kwa hiyo Baba alianza kumfundisha yeye, na akawaangusha wote waliobaki. Akakwama kwako. Unakumbuka tunavyoifanya zamu ya kaka: inapofika, Mzee Gu anapiga ngoma muda wa mchezo mzima, mkeka uko mtupu, watu kimya, halafu Baba anainama tunaendelea. Tangu uondoke, na zamu yako tunaifanya hivyohivyo. Miaka kumi na minane. Watoto hawachezi hapo hata ngoma ikiwa imetulia. Mbwa wa Mzee Gu huuzunguka mkeka zikiwa zamu zenu, na zamu nyingine zote hukatiza katikati.

Bwana Pyo akamwambia Yeo-rim kwamba hawezi kumwandikia ngazi ya juu maadamu hajamshinda wa juu yake. Nilimwona mtoto akitafuna mdomo. Nilijua anawaza nini, nikanyamaza, na kunyamaza kule ndiko ninakokujutia.

Siku ya Dano, sikukuu yetu ya kutandika mkeka, ilikuwa tarehe kumi na moja Juni, jua kali, si siku ya kuogopa chochote. Kwenu ilikuwa bado jana yake, kwa maana saa nne ya asubuhi yetu ni saa nne ya usiku wenu. Bwana Pyo alikuwapo na daftari lake. Ilipofika zamu yako, Mzee Gu akaanza ngoma, na Yeo-rim akavua viatu akaingia mkekani.

Hakuna aliyemzuia. Nilimtazama Baba, naye alikuwa amefumba macho.

Alianza kuyumba ile pembetatu, mbele, nyuma, pembeni, kama mti unaotikiswa na maji. Alitanguliza mguu mmoja kama sheria inavyotaka, ili mwenzake aufikie. Akarusha sauti, "Ikk." Nikaona aibu kidogo kwa niaba yake, binti mzima anacheza na hewa. Kisha nikaona anakwepa. Chi-gyu, mtu anayeigiza kukwepa unamjua, anakwepa kabla. Yeye alikwepa baada, kwa kuchelewa kidogo, na nywele zake za upande wa kulia zikaruka kana kwamba kitu kimepita karibu na shavu.

Halafu akaingiza wayo nyuma ya kisigino, upande wa kushoto, akavuta.

Mkeka ulibonyea. Vumbi la makapi liliruka mpaka kiunoni mwake, na mshindo ukatoka kama gunia la mchele lililotuliwa vibaya. Mzee Gu akaacha ngoma. Yeo-rim, kwa adabu aliyofundishwa, akanyoosha mkono kumwinua aliyeanguka, na bega lake likavutwa chini mpaka akapiga goti.

Baba akafumbua macho. "Nani?"

"Mjomba," akasema. "Anacheka. Ananuka mafuta ya cherehani."

Watu waliondoka mmoja mmoja bila kuagana, na keki za mchele zikabaki sinia nzima. Bwana Pyo aliomba maji, akanywa, akaandika jina la Yeo-rim katika mstari wa tatu. Mwandiko wa jina lile haufanani na mingine yote ya daftari.

Tulijipa moyo kwamba ni mabua yaliyooza, ni jua. Kisha barua ya wifi ikaja. Niliisoma kwa sauti, na nilipofika kwenye kifundo cha kushoto Yeo-rim aliinuka akaenda kuosha miguu. Tangu siku ile anakuomba msamaha kila akiosha miguu. Baba alimwita akamwambia, "Ulimwangusha kwa haki, naye alikubali, ndiyo maana alicheka. Usimlilie mtu aliyekubali." Lakini usiku nilimsikia Baba mwenyewe akipiga kikohozi kile chake cha kuficha kilio. Zamu yako ilikuwa njia yake ya kukungoja, mdogo wangu. Sasa imepata mtu.

 Siku ya kumi baada ya barua, tukiwa tunamenya vitunguu saumu, Baba akamwambia Mama, bila utangulizi, "Chi-gyu yu hai, na mkeka ulibonyea."

Mama hakuacha kumenya. "Sitaki."

"Sijasema kitu."

"Unataka kumwingiza mtoto kwenye zamu ya Chi-ho. Kukiwa na uzito yu hai, kusipokuwa na uzito hayupo. Nimekujua miaka sitini, unadhani sijui unachohesabu? Nimeshamlilia mara moja. Mkirudi na hewa tupu nitamlilia mara ya pili, na machozi ya pili sina."

"Na akiwepo?"

Mama alimenya kitunguu kizima, punje kwa punje, kabla ya kujibu. "Akiwepo, msimwangushe. Ana miaka hamsini na mitano. Hatujui amelala wapi, wala kama kuna mtu wa kumfunga mguu."

Tukakubaliana iwe Chuseok, siku ya mavuno, sisi wenyewe tu, bila wageni wala daftari. Asubuhi ile tulitandika meza ya mababu kama kila mwaka, na bakuli la shaba la kaka likawa mahali pake, pamoja na ya waliokufa, limejaa wali wa mpunga mpya, kijiko kimesimamishwa ndani. Tukasujudu. Kisha tukaenda uwanjani.

Mzee Gu alipiga ngoma polepole. Yeo-rim akavua viatu akaingia mkekani, kwenye zamu ya kaka. Mbwa aliondoka kabisa, hatukumwona mpaka kesho yake.

Safari hii mchezo ulikuwa mfupi na wa kimya. Hakurusha sauti, na hakuna aliyemrushia teke. Aliyumba, akatanguliza mguu wake, akangoja. Akangoja sana. Nilianza kusikia Mama akihesabu pumzi zake pembeni yangu. Kisha Yeo-rim akasogea, taratibu kabisa, akapitisha wayo wake nyuma ya kitu, akaugusisha, akatulia. Suruali yake ilikuwa imelala upande mmoja, imekandamizwa, kama wakati miguu miwili imeegemeana.

Wakasimama hivyo. Sina neno lingine ila hilo, wakasimama. Mabua mbele yake yalikuwa yamelala chini mahali pa nyayo mbili, pembeni yameinuka. Ngoma ikafika mwisho, na mabua yakanyanyuka moja moja yenyewe.

Yeo-rim alitoka mkekani akaenda moja kwa moja kwa bibi yake, akapiga magoti.

"Amekonda, Bibi," akasema. "Mguu wake umekonda sana. Lakini una joto."

Mama akamshika uso kwa mikono yote miwili. "Alikusukuma?"

"Hapana. Alikuwa anatetemeka kidogo. Sijui kama alijua ni nani."

Baba alikuwa amekaa na kofia yake magotini.  Alivua kiatu kimoja, akakitazama ndani, akakivaa tena.

Yuko wapi, hatujui. Ninachofikiri sitakiandika hapa, maana barua hupita mikono mingi kabla ya kufika, na wewe unaweza kufikiri mwenyewe ni upande gani wa mpaka. Wala simwombi mtu yeyote aamini. Bwana Pyo aliporudi wiki hii kuchukua sahihi, Baba alimwambia mstari wa pili auache wazi, asiukate.  Bwana Pyo aliuacha wazi, akaweka kinukta kidogo cha penseli.

La mwisho nililotaka ulijue ni la Mama. Tuliporudi kutoka uwanjani, aliingia chumba cha meza ya mababu kabla hata ya kuvua kitambaa cha kichwa. Alikiondoa kijiko kilichosimama katika wali wa kaka, akakilaza. Akalibeba bakuli hadi jikoni akalipanga kwenye rafu ya walio hai, kati ya langu na la Yeo-rim, na lako likasogezwa kidogo kupata nafasi. Kila jioni sasa anapopakua, analijaza, analifunika, analizungushia blanketi kwenye sakafu inayopashwa moto lisipoe. Asubuhi hula yeye ule wali uliolala. Jana nilimwambia nimsaidie kuula, akausukuma mkono wangu. Alisema kumngoja kaka ni zamu yake.

Msalimie wifi Bok-hui, na umshukuru kwa kuandika kila kitu bila kupunguza. Wabusu watoto, Jun-mo na Seon-a, na uwafundishe angalau kuyumba ile pembetatu. Sakafu za huko nazo ni sakafu. Baba anakusalimu. Mama anakusalimu, anasema unywe mchuzi wa mifupa ya ng'ombe. Mzee Gu anakusalimu. Yeo-rim anakusujudia mara moja, kichwa mpaka chini.

Mababu wakushike mkono unaposhuka ngazi, na kila utakapokanyaga ardhi ikupokee.

Mimi dada yako, niliyekubeba mgongoni ukiwa mdogo na bado sijakutua,

Pil-sun