Ubao Mtupu Mlangoni pa Kreszenz

Jumatatu, 9 Januari

Nyasi! Tarehe tisa Januari, mita elfu mbili juu, na mimi natembea kwenye nyasi na skii, zile mbao za kutelezea thelujini, begani kama mtu anayehama nyumba. Miaka sitini na mmoja nimeishi kwenye bonde hili. Tirol nzima, mkoa wetu huu wa milima, inanijua kwa mdomo wangu, na leo hata tusi la kutosha sikulipata. Theluji ya Novemba imebaki upande wa kivuli tu, inafika gotini, na juu yake gamba gumu kama ukoko wa wali. Nilivaa zile skii kuukuu ambazo kila nyumba huku inaziweka stoo kwa ajili ya miaka mibaya, maana mawe yanazila. Bado roho iliniuma kila zilipokwaruza.

Chini kijijini kampuni ya lifti za kupandisha watelezaji imewasha mitambo yake ya kutengeneza theluji. Utepe mmoja mweupe kwenye mlima wa kahawia, basi. Maji ya kijito yamefyonzwa mpaka mawe yamekauka. Wageni wanapiga picha kwa kuinama, ili nyasi zisionekane.

Supu ya madonge ya mkate. Kulala mapema.

Jumatano, 11 Januari

Kwa Baba pameharibiwa. Nimekaa hapa mezani saa nzima.

Kwa Baba ni mteremko ule wa kivulini, nyuma ya kibanda cha malisho. Ramani haina jina lake, sisi ndio tuliupa. Baba alinipeleka nikiwa na miaka kumi na miwili, na mdogo wangu Vinzenz wa miaka mitano akiwa mgongoni kwake. Katikati kuna jiwe kubwa jeusi. Baba alikuwa akisema, "Pumzikeni kwenye jiwe. Theluji hukimbia, jiwe halikimbii." Miaka yote ilikuwa siri ya nyumba yetu. Na mwaka huu ndiyo sehemu pekee yenye theluji ya kuteleza bila kuvunja mguu.

Leo nimekuta magari kumi na moja kwenye maegesho. Kumi na moja! Watu kama arobaini mlimani, wameukwangua mteremko mpaka mchanga unaonekana. Nikamshika kijana mmoja mwenye hereni, umepajuaje hapa?

"Mama, si ipo mtandaoni! Kuna kiongozi wa milima ameweka njia yote, na picha."

Akanionyesha simu. Vinzenz! Sura yake nyekundu, meno yote nje, na nyuma yake jiwe la Baba.

Kikulacho ki nguoni mwako.

Ijumaa, 13 Januari

Nimemkuta Vinzenz dukani kwa rafiki yangu Kreszenz, anakula mkate wa jibini kana kwamba dunia haina neno. Nikamuuliza mbele ya watu wote, huna haya?

"Dada, kwingine hakuna theluji. Nusu ya wageni wangu wameghairi. Wale waliobaki niwapeleke wapi, sebuleni kwako?"

"Ile ilikuwa ya Baba."

"Baba amekufa miaka kumi na tisa. Mteremko hauna hatimiliki."

"Wewe ungemuuza hata Baba mwenyewe, kama angetoka vizuri kwenye picha!"

Vinzenz akafuta mdomo taratibu. Ninamjua, akifuta mdomo hivyo ameumia. Akasema, "Nenda kachimbe mashimo yako, dada. Hiyo ndiyo kazi unayoiweza."

Mashimo yangu! Miaka thelathini mimi nachimba, yeye anaongoza. Mimi nashuka na koleo mpaka ardhini, naitazama theluji tabaka kwa tabaka, nijue ipi imeshikana na ipi itateleza. Yeye hajawahi kushika koleo, mvivu yule. Anasoma ubao tu.

Ubao ni ule mweusi mlangoni kwa Kreszenz, alioutundika babu yake. Sheria yake kila mtoto wa hapa anaijua: ukikuta ubaya mlimani, andika, ukikuta uzuri, nyamaza. Ubaya ni wa wote, uzuri ni wa aliyeuona. Kwa hiyo hakuna anayeandika kwamba mahali fulani ni pazuri. Ubao ukiwa mtupu, watu wanapanda.

Kreszenz alinifuata mpaka nje, unga mikononi. "Hasira hasara, Burgl."

"Hasara nimeshapata, shoga yangu. Niachie hasira."

Jumapili, 15 Januari

Digrii kumi na moja, joto la ajabu. Nimeona kipepeo kaburini kwa Baba. Kipepeo, Januari! Padri ameomba theluji, na mkubwa wa kampuni ya lifti alikuwa benchi la mbele, kichwa chini, mcha Mungu kabisa. Vinzenz alikaa upande wa pili. Hakunitazama. Na mimi sikumtazama, ingawa nimeona amevaa sweta niliyomfumia.

Jumanne, 17 Januari

Nimepanda Kwa Baba peke yangu. Wale arobaini wameshapachoka, wameacha maganda ya machungwa. Utabiri unasema Alhamisi itaanguka nyingi, na upepo. Basi nikasema nijue mapema itaangukia nini.

Nimechimba mahali pawili. Kwanza mahali pa wazi mteremkoni, mbali na jiwe. Gamba juu, na chini yake punje tupu mpaka ardhini. Unazichota mkononi zinamwagika katikati ya vidole kama sukari. Hii ndiyo kazi ya mwaka wenye theluji haba: inakuwa nyembamba, baridi inaila kutoka ndani, haishikani tena na kitu. Sasa hivi haina mzigo, ndiyo maana watu arobaini walipita wakicheka. Ikiwekewa nusu mita juu yake, hiyo ni nyumba juu ya mtama.

Pili, kando ya jiwe. Theluji pale ni nyembamba kuliko kote, na yote ni sukari. Nilipokanyaga tu, ilishuka chini yangu kwa sauti — wumm! — na ufa ukakimbia hatua ishirini hivi kuvuka mteremko. Kwa hiyo mwaka huu jiwe la Baba si mahali pa kupumzikia. Ndipo pa kuanzishia poromoko. Mtu akisimama pale baada ya theluji mpya, mteremko wote unaondoka naye.

Baba hakuwahi kuona mwaka kama huu. Alisema kweli kwa theluji ya enzi zake.

Nikashuka moja kwa moja mpaka kwa Kreszenz. Chaki nilikuwa nayo mkononi. Nimeandika herufi mbili, K na W. Halafu nikasikia sauti ya Vinzenz ndani, yuko na wageni, wanacheka. "Yule dada yangu? Mlinzi wa makaburi! Akikuta alama za skii Kwa Baba analia kama ameibiwa ng'ombe."

Nikafuta zile herufi kwa kiganja.

Kama wanajua kila kitu, wajue na hili. Waingie mtandaoni wakaulize! Kimya kingi kina mshindo mkuu. Safari hii wausikie.

Alhamisi, 19 Januari

Imeanza saa nane mchana. Punje nene, za upepo. Kijiji kizima kimetoka nje kama kuna harusi. Mzee Alois wa posta — mwenzangu wa kazi miaka ishirini na sita — amesimama barabarani mdomo wazi, ulimi nje. Hata mimi nilicheka, nakiri.

Kisha nikaukumbuka ubao.

Dukani ni hatua mia nne. Nimezihesabu enzi za kupeleka barua. Nilivaa kofia. Nikavua. Nani atapanda kwenye upepo huu? Hakuna. Taarifa ya mkoa inasema hatari ya poromoko ni daraja la tatu kati ya matano, na daraja la tatu viongozi wanapanda msimu wote, cha muhimu ni kujua mteremko upi. Na upi ni mimi ninayejua.

Kesho. Au aje yeye kwanza aombe radhi, nimwambie kwa mdomo wangu. Neno moja tu, "samahani dada," na nitamweleza yote, hata nitampikia.

Ijumaa, 20 Januari

Sentimita sitini, na bado. Paa linalia.

Asubuhi nimesikia koleo nje. Nikachungulia pazia. Vinzenz! Anasafisha njia ya mlango wangu. Yeye asiyeshika koleo! Amesafisha mpaka barabarani, akapiga kingo zikawa sawa kama Baba alivyokuwa akifanya, akasimama kidogo anatazama mlango. Nilikuwa nyuma ya mlango, mkono kwenye kitasa.

Sikufungua.

Hakugonga pia! Angegonga ningefungua. Mtu anayeomba radhi anafungua mdomo, hafungui njia. Kusafisha mlango hakurudishi mteremko.

Nimekasirika siku nzima na sijui tena ni na nani. Goti linauma. Jioni theluji imepungua, upepo umetulia. Nikawaza: kesho itakuwa siku ya kwanza nzuri ya mwaka mzima, watu watapanda kama siafu. Nikavaa viatu. Nikafika mpaka kwenye geti. Dukani taa imezimwa, Kreszenz amefunga, lakini ubao uko nje, hauna kufuli, nami nilijua hilo. Nikarudi ndani. Nitaandika alfajiri, kabla mtu hajaamka.

Jumamosi, 21 Januari

Nimelala kupita kiasi. Mimi! Miaka ishirini na sita ya posta sijawahi, na leo nimeamka saa moja na nusu, dirisha limeshakuwa jeupe.

Nimekimbia zile hatua mia nne. Ubao mtupu. Nikaandika kwa herufi kubwa: KWA BABA MSIPANDE. JIWENI NI HATARI. Kreszenz akatoka na trei ya mikate, akasoma, akasimama.

"Burgl. Hii umeiona lini?"

Nikamuuliza Vinzenz yuko wapi.

"Ameondoka saa kumi na mbili, na wageni wanne. Nilimwambia subiri kidogo, ukaongee na dada yako. Akautazama ubao akacheka. Akasema, 'Burgl amechimba kule Jumanne, nimeona alama zake. Angekuta ubaya angeandika. Hata anichukie vipi, angeandika.'"

Hayo ndiyo maneno yake. Nayaandika yote ili nisije nikayapunguza baadaye.

Simu yake haipatikani, kule hakuna mtandao. Kikosi cha uokoaji wamesema helikopta haiwezi kuruka, ukungu. Watu sita wanapanda na gari kutoka chini, dakika ishirini. "Na wewe mama usipande peke yako, tutakuwa na wa kutafuta zaidi." Wako sahihi. Nawachukia kwa kuwa sahihi.

Sasa niko maegeshoni. Gari la Vinzenz lipo, na la wageni. Kwenye kiti chake thermosi ya pili na mfuko wa karatasi wa Kreszenz. Juu ya mfuko ameandika kwa kalamu: *Burgl, mkate wa mbegu.* Alitaka kupita kwangu akirudi.

Saa mbili na dakika kumi na tano. Kutoka hapa mpaka kwenye jiwe ni saa mbili kwa mwendo wa wageni. Atawapumzisha pale. Atawaambia maneno ya Baba, huwa anawaambia wote, hata sauti anaiga.

Nimebandika ngozi za kuzuia kuteleza nyuma chini ya skii, tayari kwa kupanda. Koleo mgongoni. Nimewasha kifaa cha ishara, kile cha kumtafuta aliyefukiwa, nikakisikiliza kama kinasikia chao. Kiko kimya, mbali mno. Sina la kufanya kwa mikono yangu, ndiyo maana naandika. Mikono hii haikuandika maneno sita Jumanne, leo inajaza kurasa.

Nimeita. Vinzenz! Vinzenz! Theluji mpya inameza sauti.

Saa mbili na ishirini. Ukungu umefunguka kidogo, upande wa juu. Naona njia yao. Nzuri, yenye kona za upole, kiongozi hodari mdogo wangu. Inapita kibanda cha malisho. Inaingia Kwa Baba. Doa moja dogo jekundu mbele, ndilo koti lake, na wanne nyuma, wametengana vizuri kama inavyotakiwa. Wako hai wote! Naruka huku kama kichaa, napunga fimbo, napiga honi ya gari langu. Napiga tena. Tena.

Doa jekundu limesimama. Amesikia! Amegeuka huku. Ameinua mkono — ananipungia. Anadhani nimekuja kupatana.

Sasa anawaonyesha wageni kwa fimbo mahali pa kunisubiri. Anawaelekeza kwenye jiwe