Skii Nyepesi za Aleena

Mpendwa mshauri Bi Nkatha, naomba msaada wako upesi, maana wikendi ya Siku ya Familia, sikukuu ya huku, inakaribia na mimi nimejitia matatani mwenyewe kwa kujifanya mjuzi. Jina langu liandike tu, binti yetu Aleena hasomi Kiswahili, na mke wangu Roshan anajua yote na anacheka tangu Jumapili.

Mimi ni mtu wa Mwanza, tunaishi huku ughaibuni, Flemingdon Park, tangu Aleena akiwa mdogo, na mpaka nilipostaafu nilikuwa nauza koki na mabomba kwenye duka la jumla kule Downsview. Aleena sasa ni mtu mzima, ana kazi yake, ananipenda najua, lakini nikimsemesha Kiswahili yeye hunijibu Kiingereza, na majira ya baridi yakiingia kila Jumamosi huenda kaskazini na marafiki zake kwenye theluji, kule kusikokuwa na lifti ya kuwapandisha watu mlimani, wanavaa skii, vile vibao virefu vya kutelezea, na kupanda kilima kwa miguu yao wenyewe kisha wanateleza kushuka, na mimi hubaki dirishani nikimtazama anavyofunga mizigo juu ya gari, wala sijawahi kuthubutu kumwambia kwamba ningependa kwenda, na goti langu hili bovu. Basi mwezi uliopita, siku yangu ya kuzaliwa, akaingia na boksi refu lenye skii za kupandia, akasema kwa Kiswahili, maneno ambayo Roshan anasema aliyafanyia mazoezi bafuni, "Baba, twende pamoja. Wewe na mimi. Goti haitauma." Bi Nkatha, nililia mbele ya keki.

Sasa sikia ujinga wangu. Kesho yake alipokwenda kazini nikaziinua zile skii, zote mbili kwa mkono mmoja, nyepesi ajabu, nikashtuka, nikasema mtoto wangu kauziwa kitu hafifu, kwa sababu kwenye kazi yangu koki nzito ni shaba na koki nyepesi ni plastiki iliyopakwa rangi, hilo nimewaambia wateja maisha yangu yote, kwa hiyo nikachukua risiti iliyokuwa ndani ya boksi, nikaenda dukani kimya kimya, nikapima kila jozi kwa mkono mpaka nikapata iliyonivuta bega, ya buluu ileile ili asigundue, nikabadilishana, na muuzaji aliponiuliza mara mbili kama kweli nitapanda nazo kilima nikamjibu, "Mwanangu, mimi vitu imara navijua."

Jumapili nikazijaribu bondeni, nyuma ya majengo yetu, kwenye kilima kidogo ambacho watoto wanachezea, nisifike hata nusu, goti la kushoto likawaka moto, nikakaa chini kwenye theluji mpaka Roshan akaja kuniinua. Aleena hajui kitu, kila jioni ananionyesha kwenye simu picha za kilima tutakachopanda wikendi hiyo ya sikukuu. Roshan anasema nimwambie ukweli, lakini mimi nafikiri niseme nina mafua, au nimeze dawa za maumivu nijikaze, maana akijua nimeirudisha zawadi yake ataona nimemdharau na hatanialika tena. Nifanye nini?

Dilawar, Flemingdon Park

Bi Nkatha anajibu:

Baba Aleena, pole kwa goti, na pole zaidi kwa Roshan aliyekuinua. Nimecheka, sikufichi. Kisha nikakukasirikia kidogo.

Koki unaifunga ukutani, haiendi popote. Skii ya kupandia unaiinua wewe, hatua kwa hatua, kutwa nzima, na uzito wa mguuni unachosha kuliko uzito wa mgongoni. Ndiyo maana wapandaji hulipa zaidi ili wapate iliyo nyepesi. Ni kweli kwamba zipo nyepesi kupita kiasi, hizo hutikisika unaposhuka kwenye theluji ngumu, na mtu anayeanza hazimfai. Kwa hiyo lazima ujue ni za miguu ya nani, na za kilima gani. Binti yako alijua. "Goti haitauma," alikwambia. Alisimama katika duka lile akaliwaza goti lako, wewe ukaona plastiki.

Mafua usithubutu. Ataamini hukutaka kwenda naye, na hilo ndilo litakalomfanya asikualike tena. Dawa za maumivu ni balaa kubwa zaidi, maana ukishindwa juu ya kilima atakayekuteremsha ni huyo huyo Aleena.

Mwambie leo, kabla ya chakula cha jioni. Tumia Kiswahili, polepole. Watoto wetu wa huku wanaelewa mengi kuliko wanayoyasema. Mwambie ulizibadilisha kwa ujinga, na kwamba unaogopa asije akaacha kukualika. Hilo la kuogopa usiliruke. Mwambie na habari za dirishani pia, kwamba miaka yote hiyo ulikuwa unatamani. Hajui, mzee wangu. Angejua, boksi lile lingekuja zamani. Atanuna kidogo, ana haki, mwache anune.

Goti lioneshe kwa daktari wiki hii. Kisha nendeni dukani wote wawili, muanze na viatu, visibane wala visipwaye, ndipo mje kwenye skii. Siku ya kwanza kilima kiwe cha kitoto, na miteremko mikali ambayo theluji yake inaweza kuporomoka msiisogelee. Kama goti litakataa kupanda, nenda tu, utembee naye kwenye tambarare. Hakukuomba ufike kileleni. Amekuomba mwende pamoja, tena kwa lugha yako.

Na ukiingia dukani, Baba Aleena, mikono yote miwili iwe mfukoni. Safari hii anayepima ni Aleena.