Juisi ya Siku ya Tatu

Mama Neema, mke wangu,

Pokea salamu kutoka Kitahana, huku Kibondo. Kifua cha Neema kimepona? Na mama, bado anabishana na redio? Mimi ni mzima, nafundisha, na maharage ya huku yameninenepesha. Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu ningeruka mahali pagumu, na wewe uliniomba jambo moja tu kabla ya kukubali kunifuata huku na watoto: nisikufiche.

Nilikusimulia harusi ya mwalimu mwenzangu kule Kasulu, nilivyokaa meza moja na wanywaji mchana kutwa nikashikilia soda yangu. Jumapili iliyofuata nilitoa ushuhuda kanisani kwamba pombe nimeishinda. Watu walipiga makofi, akina mama wakapiga vigelegele, nami nikatoka kifua mbele kama jogoo. Nikajiona nimehitimu. Hata yule mzee wa kanisa aliyekuwa akija kuomba nami kila Jumatano nilimwambia asijisumbue tena. Hapo ndipo nilipoteleza, kabla hata ya kugusa kikombe.

Wiki hiyohiyo jirani yangu, Mama Nyandwi, alikamua ndizi akaniletea dumu la juisi. "Mwalimu, hii unywe leo na kesho," akaniambia. "Kesho kutwa si ya walokole tena." Nikacheka. Mimi mtoto wa Njombe, niliyekulia kwenye ulanzi, pombe ya mianzi yetu, nifundishwe jinsi kitu kitamu kinavyogeuka kikali?

Siku ya kwanza ilikuwa tamu, ya pili nayo hivyohivyo. Siku ya tatu nilitoka shuleni nikamimina kikombe, na ulimi ukaniambia papo hapo. Nilijua. Nikajidanganya kwamba bado ni juisi, nikamimina cha pili. Mara Mama Nyandwi akabisha hodi, amefuata dumu lake.

"Imebaki, Mwalimu?"

"Imekwisha. Nitaliosha nikuletee."

Dumu lilikuwa chini ya meza, limejaa nusu.

Mke wangu, vile vikombe viwili havikunitisha kama jibu lile. Lilitoka laini, sikulitafuta, kwa sauti ileile niliyokuwa nikikujibu wewe enzi za ulevi wangu. Nililia. Kisha nikabeba dumu hadi kwake, nikamwaga yote kwenye shina la mgomba huku ananitazama.

"Nimekudanganya, mama."

"Nilijua. Harufu ilinipokea mlangoni," akasema. "Nikikamua tena nitakuletea kikombe kimoja, unywe nikikuona."

Mzee wa kanisa nilimfuata mwenyewe, na Jumatano amerudi. Jumapili nikasimama tena mbele ya watu walewale nikaeleza yote. Safari hii hakuna aliyepiga makofi, ila wengi walinishika mkono. Nakwambia kweli, nina nguvu kuliko siku ile ya harusi, maana sasa najua kwamba nikishinda ndipo hasa napaswa kukesha. Mungu hajaniacha, na mimi sijarudi nilikotoka.

Nisalimie mama, na shemeji yangu fundi cherehani, na wanangu wote wawili.

Shule zikifungwa njoo na watoto kama tulivyopanga. Ukiona bado ni mapema, sema, nitasubiri bila kinyongo. Ila ukija, na pale stendi ukaingiwa na wasiwasi, ninuse mdomo mbele ya watu wote. Zamani nilikugombeza kwa hilo. Sasa nitainama mwenyewe.

Mumeo anayekupenda,
Baba Neema