Nilimwaga Dawa za Sekunde

Karakana ya Makochi,
Nyuma ya Soko, Mlango wa Bluu.
Jumatatu, 9 Machi.

Mpendwa Dada,

Shikamoo. Goti lako linasemaje? Na shemeji, bado anakoroma mpaka majirani wanagonga ukuta? Nawaombea uzima nyote. Mimi mwili u mzima, meno yote ninayo isipokuwa yale mawili unayoyajua habari zake. Mke wangu anakusalimu, naye ndiye aliyenisimamia hapa niandike bila kuruka kitu.

Dada, kaa chini kwanza.

Mwezi wa kwanza nilijitapa kwako kwamba nimemponya mdogo wetu. Nikaandika Sekunde ameacha pombe, ananisaidia kuvua makochi vitambaa vikuukuu, na kwamba hospitali wangekuwa na macho wangenivisha koti jeupe. Ukanijibu kwa machozi ya furaha. Barua yako ile nimeshindwa kuisoma mara ya pili.

Kumwachisha pombe nilimwachisha kweli, hilo mtu asininyang'anye. Nilipekua chumba chake, nikatoa chupa kwenye viatu, kwenye mto, mpaka ndani ya redio. Lakini nilikuta pia vidonge vyake vya kliniki, vile vya kutuliza sauti anazosikia kichwani. Mimi, niliyeendesha lori kuvuka mipaka mitano, kwa elimu yangu hii ya darasa la sita, nikajiambia mlevi ni mlevi, awe wa chupa au wa kidonge. Nikavimwaga chooni, nikavuta maji. Nikamwambia, "Hiyo nayo ni sumu, mdogo wangu." Akaniamini.

Wiki tatu alikuwa kama malaika. Ndizo nilizokuandikia.

Kisha sauti zikarudi. Akaanza kuinamia makochi, sikio kwenye sponji. Jumanne moja asubuhi natoka kununua misumari, narudi nakuta kochi la mwalimu mkuu, limekwisha kushonwa, linasubiri mwenyewe, limepasuliwa mkono hadi mkono. Sekunde yuko katikati ya sponji na kisu, analia. "Kaka, kuna mtu humu anasema nife. Nilikuwa namtoa."

Nikacheka, Dada. Mungu anisamehe, nilidhani mzaha. Akaangusha kisu, akaenda kunywa siku nne ili sauti ile inyamaze.

Nilimkuta pale wanapooshea magari, amelala kando ya mapipa. Nikambeba mgongoni mpaka kliniki, mimi na tumbo langu hili. Muuguzi, mama mfupi mwenye sauti ya kuamrisha jeshi, akauliza dawa ziko wapi.

"Nilimwaga, sista."

"Kwani wewe daktari?"

"Fundi makochi."

"Basi kashone makochi!"

Alipopoa akanieleza. Sekunde ana magonjwa mawili, ulevi na huo wa akili, na yanabebana. Ukishika mmoja ukaachia mwingine, ule uliouachia unakwenda kumwita mwenzake. Yatibiwe pamoja, kila Alhamisi, miezi mingi, hata akijiona mzima. Hasa akijiona mzima.

Alhamisi mbili amekwenda. Iliyopita amegoma. Anasema dawa zinamfanya mzito, mikono inatetemeka, naye ni mtu aliyekuwa akifungua saa za watu huku anapiga mluzi. Hapo sikumlaumu. Lakini aliloongeza ndilo linaloninyima chakula: "Kaka, jana sumu, leo uhai. Nikuamini siku ipi?"



Muuguzi anasema akiacha tena, safari hii kisu kinaweza kisiishie kwenye kochi. Nimeficha visu vyote. Nakata vitambaa kwa wembe ninaoutia mfukoni kila nikiinuka. Naogopa, Dada. Naogopa hata kwenda msalani.

Ningekupigia, lakini kwenye simu ningeanza utani nikakudanganya tena. Ndiyo maana barua hii anakuletea dereva mwenzangu wa zamani, kesho iko mkononi mwako. Nakusihi, mpigie Sekunde Jumatano. Wewe hujawahi kumdanganya. Usimgombeze. Mwambie akaiseme mitetemeko hiyo kwa daktari, maana dawa inaweza kubadilishwa, ila hawawezi kumbadilishia mtu asiyekuja. Akikataa, mwache akatae, halafu muulize tena.

Leo asubuhi alishika kidonge kiganjani, akanitazama. "Kitanisaidia?"

Nilitaka kumwambia nimeona watu elfu waliopona huko mipakani. Uongo ulishafika kwenye ulimi. Nikasema, "Sijui, mdogo wangu. Nilikosea, na sijui. Ila siondoki hapa."

Akakaa nacho mpaka chai yangu ikapoa. Halafu akakimeza. Cha kesho bado kiko kwenye pakiti.

Nisalimie shemeji, mapacha wako, na shangazi ukimwona. Yeye usimwambie kitu, atapanda gari leo leo. Mungu akutunze huko ugenini, na Jumatano akupe maneno ambayo mimi sina.

Wako akupendaye, pamoja na makosa yangu yote,

Mdogo wako, Fundi.